Mifupa, udongo na masimulizi: jinsi miili ya kale inavyosomwa mpakani mwa Kenya na Uganda

Eneo la Busia na Tororo, ambako leo malori hupanga foleni kuvuka mpaka, limekaliwa na watu kwa maelfu ya miaka. Ili kujua watu hao walikuwa akina nani, walikula nini na waliugua nini, wataalamu wa akiolojia na wanahistoria wamelazimika kufanya kazi pamoja. Makala hii inaeleza jinsi wanavyofanya, na kwa nini matokeo yake yanazihusu pia familia zinazoishi mbali na nyumbani.

Vidokezo muhimu

• Mifupa na meno huhifadhi habari za chakula, maradhi na makuzi ya mtu, lakini havitaji jina, lugha wala kabila lake.

• Kakapel, katika Kaunti ya Busia nchini Kenya, kuna ushahidi wa makazi ya watu unaorudi nyuma miaka 9,000.

• Masimulizi ya wazee, nyaraka na chunguzi za maabara hurekebishana, na hakuna kimoja kinachotosha peke yake.

Kidonda cha Adhola

Nabuyoga ni kaunti ndogo katika Wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, ndani ya nchi ya Jopadhola. Jina la watu hao linatokana na Adhola, anayetajwa kuwa kiongozi wao wa mwanzo. Wapo wanaosimulia kwamba Adhola na nduguye Owiny walikuwa safarini na watu wao, Adhola akaumia mguu, akashindwa kuendelea. Owiny alisonga mbele na kundi lake kuelekea Nyanza, na Adhola akabaki kuuguza kidonda. Katika Kijaluo, neno adhola lina maana ya kidonda.

Je, simulizi kama hii inaweza kuthibitishwa kwa kuchunguza mwili? Jibu la wataalamu wa mifupa ni la tahadhari. Kidonda kinachoishia kwenye nyama huoza pamoja na nyama, na baada ya miaka michache ardhini hakuna dalili yake. Kidonda kinachodumu muda mrefu hadi kuufikia mfupa huacha alama: mfupa huvimba, huota tabaka jipya, na wakati mwingine hubaki na tundu ambalo usaha ulipitia. Hata hivyo, mfupa wa mguu wenye alama hiyo ungetuambia tu kwamba mtu fulani aliugua mguu na aliishi na maradhi hayo kwa muda. Usingetuambia kwamba alikuwa na ndugu, wala kwamba ndugu huyo aliendelea na safari.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuichunguza miili ya watu wa kale, na ndiyo sababu kazi hiyo huhitaji taaluma zaidi ya moja. Mwili una habari ambazo simulizi haina. Simulizi nayo ina habari ambazo mwili hauwezi kuzitunza.

Mfupa unahifadhi nini?

Wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kisichobadilika. Ukweli ni kwamba mfupa wa mtu aliye hai hujijenga upya kidogo kidogo katika maisha yake yote, kwa kutumia kile anachokula na kunywa. Kwa hiyo mfupa wa mtu mzima hueleza zaidi habari za miaka yake ya mwisho. Jino ni tofauti. Gamba lake gumu la nje hujengwa utotoni na halijengwi tena. Mtaalamu akiwa na jino na mfupa wa mtu mmoja, ana taarifa za nyakati mbili za maisha yake: alipokuwa mtoto, na alipokaribia kufa.

Umbo la nyonga husaidia kutambua kama aliyezikwa alikuwa mwanamke au mwanamume. Miisho ya mifupa mirefu, ambayo huungana kijana anapokomaa, husaidia kukadiria umri wake. Mistari midogo iliyokatiza kwenye gamba la jino huonyesha kwamba katika utoto kulikuwa na kipindi ambacho mwili uliacha kukua kwa muda, pengine kwa sababu ya njaa au homa kali.

Chakula nacho huacha alama. Mimea hainasi kaboni hewani kwa njia moja. Wimbi, mtama na mahindi hutumia njia moja; kunde, ndizi na viazi hutumia nyingine. Tofauti hiyo hupita kutoka kwenye mmea hadi mwilini mwa anayeula, na inaweza kupimwa kwenye mfupa au jino baada ya maelfu ya miaka. Lakini nyasi nyingi za nchi za joto zina alama ileile ya wimbi na mtama, na ng'ombe hula nyasi hizo. Mtu aliyeishi kwa ugali wa wimbi na mtu aliyeishi kwa maziwa wanaweza kufanana sana kwenye kipimo hiki.

Maabara pekee haiwezi kuwatofautisha watu hao wawili kwa kipimo hicho. Ni lazima kurudi kwenye udongo walimozikwa na kuuliza: je, kuna punje za wimbi zilizoungua? Kuna mifupa ya ng'ombe? Kuna vyungu? Njia nyingine ni kuchunguza ukoga uliogandamana kwenye meno, ambao hunasa chembe za vyakula na kuzihifadhi. Mwaka 2021, watafiti walitangaza kwamba wamepata protini za maziwa kwenye ukoga wa watu wa kale waliozikwa Kenya na Sudan, baadhi yao wakiwa wameishi takriban miaka 6,000 iliyopita. Kabla ya hapo, unywaji wa maziwa ulikisiwa tu kutokana na kuwepo kwa mifupa ya mifugo.

Kuna pia kipimo cha madini ya strontiamu, ambayo hutoka kwenye miamba, huingia kwenye maji na mimea, na hatimaye hukaa kwenye meno. Mlima Elgon ni volkano ya kale, ilhali sehemu kubwa ya nchi inayouzunguka imekaa juu ya miamba mikongwe zaidi, ikiwemo ya itale. Mtu aliyelelewa kwenye miteremko ya volkano anaweza kuwa na kiwango tofauti na cha aliyelelewa bondeni. Kwa njia hiyo inawezekana kujua kwamba mtu alizikwa mbali na mahali alipokulia, hata kama hakuna aliyeandika habari za safari yake.

Umri wa mabaki hukadiriwa kwa kupima kaboni ya aina ya 14, ambayo hupungua kwa mwendo unaojulikana: nusu yake hutoweka kila baada ya takriban miaka 5,730. Vinasaba, yaani DNA, hutolewa kwenye meno au kwenye mfupa mgumu unaolizunguka sikio la ndani, ambao huvihifadhi vizuri kuliko mifupa mingine. Katika nchi zetu zenye joto na mvua, vinasaba huharibika haraka, na mara nyingi sampuli huchukuliwa bila kupatikana chochote.

Yaliyopatikana Kakapel

Kwenye vilima vilivyo chini ya Mlima Elgon, upande wa Kenya, ndani ya Kaunti ya Busia na karibu na mpaka wa Uganda, kuna mwamba mkubwa ulioinama na kufanya kivuli kama baraza. Mahali hapo panaitwa Kakapel. Ukutani kuna michoro ya kale ya wanyama na maumbo mengine, na serikali ya Kenya imepatangaza kuwa turathi ya taifa. Chini ya mwamba huo, udongo umejikusanya tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mna majivu, mawe yaliyochongwa, vigae, mifupa ya wanyama na makaburi.

Uchimbaji wa miaka ya karibuni ulifanywa na timu iliyowajumuisha Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Steven Goldstein wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na Natalie Mueller wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani. Matokeo yao kuhusu kilimo yalichapishwa Julai 2024. Yanaonyesha kwamba watu walianza kuishi Kakapel takriban miaka 9,000 iliyopita, wakiwa wawindaji na wakusanyaji wa vyakula vya porini.

Ili kupata mbegu, watafiti walitia udongo wa meko za kale ndani ya maji. Mchanga na mawe huzama, lakini mbegu zilizoungua huelea na kukusanywa kwa chujio. Kunde waliyoipata ni ya takriban miaka 2,300 iliyopita. Walipata pia mamia ya punje za wimbi, zilizo na umri wa angalau miaka 1,000, pamoja na mtama. Jambo lililowashangaza ni njegere iliyoungua lakini ikabaki nzima, kwani njegere haikuwa imewahi kuhesabiwa miongoni mwa mazao ya mwanzo ya eneo hili.

Maana ya ushahidi huu ni kwamba wakulima hawakufika mara moja wakiwa na mazao yao yote kikapuni. Mazao yalikuja kwa nyakati tofauti na kutoka pande tofauti, na wenyeji waliyachagua na kuyajaribu. Wimbi, ambalo leo hutumiwa kwa uji, ugali na pombe ya kienyeji pande zote mbili za mpaka, ni zao lililotokana na mimea ya Afrika Mashariki yenyewe.

Miili iliyozikwa Kakapel ilikuwa tayari imeongeza sura nyingine. Mwaka 2020, kundi la watafiti likiongozwa na Ke Wang wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 20 wa kale kutoka nchi kadhaa za Afrika. Watatu kati yao walitoka Kakapel. Wa kwanza aliishi takriban miaka 3,900 iliyopita, na asili yake inaungana na ile ya jamii za wawindaji ambazo zamani zilienea eneo pana, kutoka kwenye misitu ya Kongo hadi Afrika Mashariki. Wawili wengine waliishi takriban miaka 900 na miaka 300 iliyopita, na vinasaba vyao vinaonyesha kwamba watu wapya walikuwa wameshafika na kuchanganyika na waliowakuta.

Kwa hiyo chini ya mwamba mmoja walizikwa watu wa asili tofauti, kwa nyakati tofauti. Kila kundi lilifika, likakaa na kupokea wengine, na wajukuu wao wakawa mchanganyiko wa wote.

Je, nchi ilikuwa tupu?

Mbegu na vinasaba vinakutana na historia katika swali moja nyeti: ni nani aliyefika kwanza?

Marehemu Profesa Bethwell Ogot, mwanahistoria wa Kenya aliyefariki Januari 2025, alikusanya masimulizi ya wazee wa Padhola kwa ajili ya kitabu chake kuhusu historia ya Wajaluo wa Kusini, kilichochapishwa mwaka 1967. Wakati huo vyuo vingi vya Ulaya havikukubali kwamba maneno ya wazee yanaweza kuwa ushahidi wa historia. Ogot aliorodhesha koo, akahesabu vizazi, na kulinganisha simulizi ya ukoo mmoja na ya mwingine hadi akapata mpangilio wa matukio tangu karne ya 16. Mwaka huohuo, Gideon Were alichapisha historia ya Abaluyia wa magharibi mwa Kenya kwa njia kama hiyo. Mwaka 1973 ikafuata kazi ya J. B. Webster na wenzake kuhusu Iteso.

Masimulizi ya Padhola yanaeleza kwamba walowezi wa mwanzo waliingia kwenye msitu usio na watu. Akiolojia ya Kakapel, kwa upande mwingine, inaonyesha kwamba katika ukanda huohuo wa mpakani watu walikuwepo kwa maelfu ya miaka. Mtu mwenye haraka atasema kwamba upande mmoja unadanganya.

Wataalamu makini hawaendi huko. Kwanza, kumbukumbu ya vizazi huweza kufika karne kadhaa nyuma, lakini haiwezi kufika miaka 3,900. Pili, Kakapel ni mahali pamoja, na msitu wa Budama ni mahali pengine. Watu huweza kuishi miaka mingi kwenye kilima na kuuacha msitu ulio mbali nao. Tatu, nchi iliyokaliwa huweza kuachwa kwa sababu ya ukame, vita au maradhi, na miti ikaota juu ya viwanja vya nyumba. Anayefika baadaye akasema amekuta msitu mtupu, anasema kweli kuhusu alichokiona.

Lakini tofauti hiyo ina uzito wa kisiasa. Katika eneo ambalo Jopadhola, Iteso, Samia, Banyole na Bagwere ni majirani, madai ya kuwa mwenyeji wa kwanza hutumika katika migogoro ya ardhi, ya mipaka ya wilaya na ya madaraka. Ikumbukwe kwamba mpaka wenyewe ni mchanga. Hadi mwaka 1902, nchi ambayo sasa ni magharibi mwa Kenya ilihesabiwa kuwa sehemu ya mashariki ya Uganda. Iteso na Samia wako pande zote mbili kwa sababu mstari uliwapitia katikati.

Mifupa ya Kakapel haiwezi kutumiwa na yeyote kama hati ya kumiliki ardhi. Vinasaba havina lugha. Mtu aliyezikwa miaka 900 iliyopita hakuwa na kitambulisho kinachosema Mteso au Msamia, na huenda majina hayo hayakuwepo wakati huo. Mtoto aliyezaliwa na mama wa jamii moja na kulelewa katika lugha ya jamii nyingine ana miili ya mababu wa pande zote mbili ndani yake, ingawa atajitambulisha kwa jina moja tu.

Maradhi yasiyoacha alama

Kuna wakati ambapo mifupa hunyamaza kabisa, na maandishi ndiyo yanayosema. Mfano ulio wazi katika eneo hili ni ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o.

Mwaka 1901, madaktari wawili ndugu, Albert na Jack Cook, waliokuwa katika hospitali ya wamisionari ya Mengo, waliwatambua wagonjwa wa malale nchini Uganda. Katika miaka iliyofuata, ugonjwa huo uliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 kandokando ya kaskazini mwa Ziwa Viktoria, Busoga ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1906, serikali ya kikoloni chini ya Hesketh Bell iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka ukanda wa ziwa. Mashamba yalirudi kuwa pori.

Malale huua kwa kushambulia damu na ubongo. Hakuna alama ya pekee inayoiacha kwenye mifupa. Mwanaakiolojia ambaye angechimba makaburi ya wakati huo bila kusoma nyaraka angeona vijana wengi waliozikwa katika kipindi kifupi na vijiji vilivyoachwa ghafla. Angeweza kudhani ni vita au njaa.

Kuna jambo lingine linaloweza kumpotosha msomaji wa mifupa. Ukoma, na kifua kikuu kinapoingia kwenye uti wa mgongo, huacha alama kwa sababu hudumu kwa miaka. Hii ina maana kwamba mfupa wenye alama nyingi huenda ulikuwa wa mtu mwenye mwili imara aliyestahimili maradhi muda mrefu, na mfupa safi huenda ulikuwa wa mtu aliyekufa kwa siku chache tu. Anayehesabu alama bila kufikiri anaweza kuwaita wagonjwa wale waliokuwa na nguvu, na kuwaita wazima wale waliokufa mapema.

Nyaraka nazo zina upungufu. Maofisa wa kikoloni walihesabu waliokufa na waliohamishwa, lakini mara chache waliandika majina yao. Majina hayo, na habari za nani alikimbilia kwa shemeji yake wa ng'ambo ya mto, zilibaki vinywani mwa familia. Mji wa Tororo baadaye ukawa makao ya shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale, na utafiti wa mbung'o na magonjwa ya mifugo umeendelea hapo hadi wakati wetu.

Funzo kutoka pwani

Mfano ulio maarufu zaidi wa kukutanisha maandishi na miili unatoka pwani ya Waswahili. Habari za Kilwa, ambazo zimetufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa maandishi ya Mreno João de Barros ya karne ya 16, husimulia juu ya watawala waliotoka Shirazi, Uajemi. Kwa miaka mingi wasomi walibishana. Wakati wa ukoloni ilidaiwa kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni kutoka Asia. Baadaye wanaakiolojia walionyesha kwamba miji hiyo ilikua kutokana na vijiji vya Waafrika, na wengi wakaiona simulizi ya Shirazi kuwa hadithi ya kujitukuza.

Machi 2023, timu iliyomjumuisha Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, ilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, na mji mmoja wa bara, kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na ilipitia hasa kwa akina mama. Sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Kuanzia karibu na mwaka 1500, asili ya Kiarabu iliongezeka.

Habari za Kilwa hazikuwa uongo, na wanaakiolojia hawakukosea kusema kwamba miji ilikuwa ya Kiafrika. Maandishi yalitaja baba na yakawanyamazia mama. Miili imewarudisha mama kwenye historia.

Mwili wa nani, ruhusa ya nani?

Mwili wa mtu wa kale ulikuwa wa mtu, na mara nyingi una ndugu. Katika enzi ya ukoloni jambo hili lilipuuzwa. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia mjini Berlin imechunguza asili ya mafuvu takriban 1,100 yaliyochukuliwa kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba vinasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu na jamaa walio hai nchini Tanzania. Mojawapo lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Machi mwaka 1900. Kumbukumbu za makusanyo zilionyesha njia, na vinasaba vikathibitisha. Familia zilizokuwa zimeishi zaidi ya karne moja bila kaburi sasa zina la kudai.

Wasikilizaji wetu walio hapa Australia watakumbuka habari za Ziwa Mungo, New South Wales. Mabaki ya Mwanamke wa Mungo, yaliyopatikana mwaka 1968, yalirudishwa kwa jamii za wenyeji mwaka 1992. Yale ya Mwanamume wa Mungo, yaliyopatikana mwaka 1974 na yenye umri wa takriban miaka 40,000, yalirudishwa kwao mwaka 2017. Sayansi ilifaidika sana na mabaki hayo. Wenyeji waliuliza kwa nini faida hiyo ilihitaji wazee wao wakae kwenye makasha kwa miaka mingi kiasi hicho.

Mjadala huo sasa umefika kote Afrika Mashariki. Kupima vinasaba huharibu kipande cha mfupa au jino, na kipande hicho hakirudi. Kabla ya kukata, mtafiti anapaswa kueleza anatafuta nini, nani ataamua juu ya mabaki, na jamii itapewaje matokeo kwa lugha inayoielewa.

Vipimo vya asili na familia za ughaibuni

Watu wengi wa Afrika Mashariki walio ughaibuni siku hizi hununua vipimo vya DNA kwa njia ya posta, kisha hupokea orodha ya asilimia. Ni vyema kujua asilimia hizo hutoka wapi. Kampuni hulinganisha vinasaba vya mteja na vya makundi ya watu walio hai ambao sampuli zao zimo kwenye kumbukumbu. Mojawapo ya makundi ya Kiafrika yanayotumiwa sana na wanasayansi duniani lilitoka Webuye, magharibi mwa Kenya, si mbali na Busia, nalo lina takriban watu 100 wa jamii ya Waluhya.

Kwa hiyo jibu la kwamba mtu fulani ana asili ya Kiluhya kwa asilimia kadhaa lina maana kwamba anafanana kwa kiasi hicho na watu wachache waliopimwa. Mpadhola ambaye bibi yake alitoka Bunyole anaweza kupokea jibu hilo bila kupotezewa Upadhola wake. Miili ya Kakapel inaonyesha kwamba mchanganyiko huo ni wa kale sana na ni wa kawaida katika eneo hilo.

Kile ambacho kipimo hakiwezi kutoa ndicho ambacho familia bado inacho, lakini kinapungua kila mzee anapofariki: jina la ukoo wa bibi mzaa mama, mahali walipozikwa waliohamishwa, mwaka wa njaa au wa ugonjwa, na sababu ya familia kuvuka mto. Anayempigia simu mzee wake Nabuyoga, Busia au Malaba anaweza kumuuliza mambo hayo, akaomba idhini ya kumrekodi, na kuandika tarehe na majina. Wanahistoria wa kizazi cha Ogot walifanya kazi yao kwa kalamu na daftari, wakiuliza maswali kama hayohayo.